Daktari Wetu Ni Nani?



Mtu akihamia Kisaki, awe mwalimu, mfanyabiashara au mfugaji aliyeshuka na ng'ombe wake, maswali yake ya kwanza si magumu kujibiwa. Huuliza maji yanachotwa wapi, gari la Morogoro huondoka saa ngapi, na treni ya TAZARA hupita siku zipi. Lakini mtoto wake akishikwa na homa usiku wa manane, huuliza swali jingine: "Jamani, hapa daktari wenu ni nani?" Hapo ndipo wenyeji hutazamana. Mmoja atamtaja tabibu wa zahanati, mwingine muuza duka la dawa, wa tatu atanong'ona jina la mzee fulani wa ng'ambo ya mto. Na wa nne atasema, "Ngoja kukuche, upande gari uende mjini."

Nimelifikiri sana swali hilo, kwa kuwa lina neno moja zito, nalo si neno "daktari." Ni neno "wenu." Dawa huwa ya yeyote aliyeinunua. Mtaalamu aweza kuwa wa Serikali, wa misheni, au wa hospitali ya mkoa. Je, daktari aweza kuwa wetu? Na akiwa wetu, sisi tuna haki gani juu yake, naye ana haki gani juu yetu? Hayo ndiyo ninayotaka tuyapime pamoja.

JINA MOJA, WATU WENGI

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Huku kwetu kila avaaye koti jeupe huitwa daktari. Katika vitabu vya Serikali sivyo. Yuko daktari aliyesoma chuo kikuu miaka mitano na kisha kufanya kazi mwaka mmoja chini ya wakubwa wake. Yuko tabibu aliyesoma miaka mitatu. Yuko muuguzi, yuko mkunga, na yuko mhudumu wa afya apitaye nyumba kwa nyumba. Kwa miaka mingi walikuwapo pia madaktari wasaidizi, ambao katika hospitali nyingi za wilaya ndio waliowapasua akina mama walioshindwa kujifungua, wakaokoa roho mbili kwa mara moja.

Kiswahili chetu kimeweka hekima yake hapa. Mkubwa wa afya katika wilaya huitwa Mganga Mkuu wa Wilaya, na kiongozi wa kituo huitwa Mganga Mfawidhi. Neno hilo hilo twampa mzee wa mizizi na ramli. Wako wanaocheka, mimi sicheki. Kuganga ni kufunga kilichovunjika na kutengeneza kilichoharibika, ndiyo maana twasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Basi mganga amejulikana kwa lile awafanyialo watu, kabla ya kujulikana kwa cheti chake.

Nasema haya kwa sababu wengi wetu twamngoja bingwa ambaye hatafika upesi, na huku twampita aliyepo. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 madaktari wazalendo walikuwa 12 tu, hesabu ambayo Mwalimu Nyerere aliitaja mara kwa mara. Kama nchi ingengoja kila tarafa ipate daktari wa chuo kikuu, babu zetu na baba zetu wangekufa wakingoja. Kwa hiyo baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na hasa tangu mwaka 1972, Serikali iliamua kuzipa zahanati na vituo vya afya vya vijijini nafasi ya kwanza mbele ya hospitali kubwa, na kuwafundisha watumishi wa kati kwa wingi. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, ambamo watu wazima wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi kando ya redio wakijifunza kujikinga na maradhi. Mataifa yalipokutana Alma-Ata mwezi wa Septemba mwaka 1978 na kukubaliana kwamba afya ya msingi iwe ndiyo nguzo, Tanzania ilikuwa imekwisha kuianza njia hiyo. Tabibu wa zahanati ni tunda la uamuzi ule, na tusimhesabu kuwa mabaki ya karamu ya mjini.

FAIDA YA KUJUANA

Pili, tuulize: mtu anayetafuta daktari wa familia anatafuta nini hasa? Huko Uingereza, tangu tarehe 5 Julai 1948, mtu hujiandikisha kwa daktari wa mtaa wake, na huyo ndiye wa kumwendea kwanza kwa kila jambo, liwe kikohozi au huzuni. Anamjua mama, anamjua mtoto, anajua baba alikufa kwa ugonjwa gani. Norway nao waliweka utaratibu kama huo mwaka 2001. Baada ya miaka 20 hivi wataalamu wao walitazama kumbukumbu za watu milioni nne na nusu. Wakaona kwamba waliokaa na daktari yule yule zaidi ya miaka 15 walikuwa na hatari ya kufa pungufu kwa asilimia 25 kuliko waliokuwa na daktari wao mwaka mmoja tu, na kulazwa kwao hospitalini kulipungua kwa asilimia 28.

Tafadhali msomaji, ipime hesabu hiyo. Norway ni nchi tajiri, na dawa ziko kila mahali. Hata hivyo kule kukaa pamoja muda mrefu kulionekana kuwa na faida yake mbali na dawa. Sababu zake si ngumu kuziona. Anayekujua huhitaji maneno machache kukuelewa. Huona kwamba leo uso wako si wa jana. Nawe humwambia usiloweza kumwambia mgeni, na akikwambia uache pombe unajua hasemi kwa kukusengenya.

Sisi walimu twaijua kanuni hiyo. Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mwalimu asiyejua mtoto anatoka nyumba gani hufundisha ubao. Mtoto asinziaye darasani huenda ni mvivu, huenda ana njaa, huenda usiku kucha alimwuguza nyanya yake. Mwalimu mpya hushika fimbo, lakini mwalimu aliyekaa huuliza kwanza.

Na kwetu huku familia yenyewe ni pana. Waluguru na Wakutu huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana neno lake. Mara ngapi mama amesimama na mtoto mgonjwa mgongoni, gari liko tayari, akingoja mjomba aseme ndiyo? Daktari mgeni hukasirika, akaona ni ujinga. Daktari anayetujua humtuma mtu kwa mjomba mapema, na mtoto hupona.

ANAYEKALIA KITI KILICHO WAZI

Tatu, tusijidanganye kwamba kiti cha daktari wa familia kiko wazi. Kina watu. Yuko muuzaji wa duka la dawa muhimu. Maduka hayo yamewasaidia wengi, na muuzaji mwaminifu ni baraka. Lakini yeye hana kipimo wala muda wa kufuatilia, na sisi wenyewe humshurutisha: "Nipe vidonge vya shilingi elfu moja tu." Dawa ya siku saba tunaila siku mbili, ugonjwa ukajifunza kuizoea.

Yuko pia mganga wa jadi. Sheria ya mwaka 2002 imeitambua tiba asili, na wako wajuao miti kweli kweli. Ninayemzungumzia ni yule wa ramli chonganishi. Watu hutembea mchana kutwa kumfuata, na tukiwauliza sababu, hawasemi kwamba dawa zake ni kali. Wanasema, "Alinisikiliza." Alimkalisha mgonjwa mkekani, akauliza mama yako ni nani, umegombana na nani, shamba lenu liko wapi. Zahanatini mgonjwa alikaa benchi tangu asubuhi, akaulizwa maneno matatu, akapewa karatasi. Kisha mpiga ramli yule huiuza huruma yake kwa bei mbaya, kwa kumtaja jirani au shangazi kuwa ndiye mchawi. Nyumba mbili zikafarakana, na wakati mwingine bibi kizee akapigwa kwa sababu ya macho yake mekundu, ambayo ni ya moshi wa jikoni tu.

Kumkemea mpiga ramli ni jambo jema. Lakini ikiwa tutamwondoa na kukiacha kiti chake bila mtu wa kusikiliza, mwingine atakikalia kesho.

SHIDA YA SIRI

Mtu aweza kunijibu: "Mwalimu, wasifu kujuana, lakini katika mji mdogo kujuana ndiyo shida yenyewe." Neno hilo ni kweli, na sitalipita upesi. Muuguzi ni jirani yako, mnateka maji pamoja, mnaimba kwaya pamoja. Benchi la wagonjwa liko barazani, na mlango hauzuii sauti. Ndiyo maana katika nchi yetu wako watu wenye virusi vya Ukimwi waliopita kliniki ya karibu na nyumbani, wakapoteza nauli na siku nzima kwenda kuchukua dawa mahali wasipojulikana. Binti aliyepata mimba naye huficha, mpaka saa ya hatari.

Basi kujuana peke yake hakutoshi, kwa maana mchongezi naye anatujua. Daktari wa familia ni mtu anayetujua na kunyamaza. Ukimya wake ni sehemu ya dawa. Na hapa wajibu ni wa pande mbili. Mtumishi atakayetoa nje neno la mgonjwa ameharibu kazi ya miaka kumi kwa dakika moja, na yafaa aonywe na wakubwa wake. Lakini nasi tumkutapo dukani tunamwuliza, "Yule binti wa fulani alikujaje jana?" Tunamjaribu kila siku, kisha tunalalamika akianguka.

JE, TUNA HAKI YA KUMSHIKA?

Sasa nifike kwenye kiini. Kama faida iko katika kukaa, je, tuna haki ya kudai mtu akae?

Kijana amemaliza chuo, amepangiwa Kisaki. Kabla hajapanda gari amekwisha kusikia habari zetu. Sifa hiyo ni ya zamani. Mwaka 1857 wasafiri Burton na Speke walipita Duthumi, si mbali na hapa, wakalala na homa karibu juma zima. Mwaka 1916 Waingereza na Wajerumani walipigana Kisaki, na katika vita ile ya Afrika Mashariki malaria na kuhara viliwaua askari na wapagazi wengi kuliko risasi. Kijana huyu anasikia pia habari za barabara ya masika, zaidi ya kilometa 100 kutoka Morogoro, na simba wa mbugani. Anakuja hata hivyo. Mke wake ana kazi mkoa mwingine. Baada ya mwaka na nusu anaomba uhamisho. Sisi tunasema, "Hawa vijana wa siku hizi hawana wito."

Wako wasemao: analipwa mshahara kwa kodi zetu, hana budi kukaa. Neno hilo lina haki ndani yake, kwa maana aliyepokea elimu kwa jasho la wakulima anadaiwa na wakulima. Lakini amri huleta mwili, haileti moyo. Mtu aliyefungwa mahali kwa barua huhesabu siku, na anayehesabu siku hajifunzi majina ya watu.

Wako wengine wasemao: kila mtu afuate maslahi yake, soko litapanga. Nchi yetu imeonja pande zote mbili. Mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku matibabu ya kibinafsi kwa faida, na mwaka 1991 ikayaruhusu tena. Zahanati za binafsi zilipofunguliwa, zilijazana mahali penye fedha, si mahali penye homa. Jambo hilo si la Tanzania tu. Daktari mmoja wa Wales, Julian Tudor Hart, aliandika mwaka 1971 kwamba matibabu mazuri huelekea kupatikana kinyume cha mahitaji, yaani panapo wagonjwa wengi ndipo yanapopungua, na hali huwa mbaya zaidi pale soko linapoachiwa nafasi. Hakuyasema hayo akiwa ofisini. Alikuwa daktari wa kijiji cha wachimba makaa, Glyncorrwg, akakaa huko zaidi ya miaka 25, akapima shinikizo la damu la karibu watu wazima wote wa kijiji, hata wale wasiokuja kwake. Kwa leo tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, nayo ni jambo la kushukuru. Lakini kadi ya bima hukufungulia mlango tu. Haimweki mtu kwenye kiti kilicho ndani.

Katika kulitafakari hili nimesaidiwa na mfano tunaoujua sote, ule wa Msamaria mwema. Tunapohubiri humsifu Msamaria, na ni haki. Lakini tazameni vizuri: Msamaria hakukaa. Alimfunga mtu yule majeraha, akamfikisha nyumba ya wageni, kesho yake akaendelea na safari. Aliyekaa na mgonjwa, akambadilishia vitambaa, akamnywesha uji, ni mwenye nyumba ya wageni, ambaye hata jina hatukupewa wala hakuna amhubiriye. Na Msamaria alifanya nini ili yule aweze kukaa? Alimpa fedha mkononi, na akamwahidi kwamba akirudi atalipa kilichozidi. Hakumwachia mzigo na maneno matupu.

Basi tabibu na mkunga wetu ndio mwenye nyumba ya wageni. Na Msamaria ni sisi sote wengine: Serikali iliyompanga, halmashauri, kanisa, wazee wa kijiji, na watoto wetu walioko Dar es Salaam. Naona jibu la swali langu ni hili: hakuna mtu mwenye haki ya kudai mwingine akae, ikiwa yeye mwenyewe hachukui sehemu ya gharama ya kukaa kwake. Anayeichukua sehemu hiyo aweza kudai, tena kwa sauti. Kudai bila kuchukua mzigo ni kumtoa mtu mmoja sadaka kwa ajili ya wengi na kuiita sadaka hiyo wito wake.

YATUPASAYO

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sijui mgeni mwingine ambaye methali hii yamfaa kuliko huyu. Wakasema pia mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu wetu tumempa jembe siku ya kwanza, na mkeka hatujamtandikia. Basi tufanye nini?

Kwanza, tumpokee. Nyumba ya mtumishi isiyovuja si kazi ya anasa. Kijiji kilichoweza kufyatua matofali ya darasa chaweza kuezeka nyumba ya mkunga. Tujue jina la mke wake na la watoto wake. Mganga hajigangi: akiugua yeye, nani humpelekea uji?

Pili, tumwambie ukweli. Tusimfiche kwamba tumekwisha kunywa mizizi kwanza. Akijua, ataweza kutusaidia. Akifichwa, atapigana gizani.

Tatu, tutunze daftari. Nimeona daftari za matibabu zimefungiwa vitumbua. Mahali ambapo watumishi hubadilika, daftari ndilo daktari asiyehama. Daktari Albert Cook, wa misheni ya Kianglikana, alifika Uganda mwaka 1897, akaanzisha hospitali ya Mengo, akabaki nchini mpaka kufa kwake mwaka 1951. Maandishi ya wagonjwa wake yalitunzwa vizuri hata wataalamu waliyasoma miongo mingi baadaye na kujifunza magonjwa ya zamani. Kila mtu nyumbani na awe na daftari lake, lenye jina, mwaka wa kuzaliwa, ugonjwa na dawa, likae mahali pakavu pamoja na kadi za kliniki za watoto. Mwenye mtoto ajuaye kuandika hana udhuru.

Nne, tumwajibishe kwa haki. Kumpenda mtumishi si kumfumbia macho. Anayemtukana mama katika uchungu, au anayedai kitu kidogo kabla ya kugusa mgonjwa, apelekwe kwenye kamati ya zahanati kwa jina na kwa tarehe, mbele ya watu wazima, si kwa minong'ono ya kilabuni. Kamati hizo zipo, na wajumbe wake ni sisi. Na akitenda vema, aambiwe pia mbele ya watu. Huyo naye ni binadamu.

Tano, wenye watoto wasomao sayansi wasiwaambie kwamba Kisaki ni mahali pa kukimbia. Mtoto wa hapa akirudi na cheti cha utabibu, amekwisha kuwajua wajomba zetu wote. Hiyo ni elimu ambayo hakuna chuo kiwezacho kuifundisha kwa miaka mitatu.

Wako watakaosema kwamba mambo haya ni madogo, na kwamba barabara na gari la wagonjwa ndivyo vitu vikubwa. Sibishi. Mama anayetokwa damu masika haokolewi na mkeka wala daftari, na madai hayo lazima tuyapeleke kwa wahusika bila kuchoka. Lakini barabara ikitengenezwa na gari likaja, bado yule mama atahitaji mtu ambaye mwezi uliopita alimtazama na kumwambia, "Wewe usijifungulie nyumbani. Nakujua, mara ya kwanza ulitokwa damu nyingi." Mtu huyo hatengenezwi kwa zabuni. Anapatikana akikaa, na anakaa mahali ambapo watu wanamsaidia kukaa.

Basi mgeni akituuliza usiku ule daktari wenu ni nani, tusitazamane. Tumtaje kwa jina, na mmoja wetu achukue taa amsindikize mpaka mlangoni.